Kupigwa Picha Ukiwa Likizoni Kigali: Mapatano Kwanza, Kamera Baadaye



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, saa za kazi, vifaa vya kujikinga na mikataba. Safari hii tunazungumza juu ya picha. Huenda ndugu mmoja akauliza: chama na picha, wapi na wapi? Namwomba asome mpaka mwisho. Jambo hili lina fedha ndani yake, lina mapatano ndani yake, na lina heshima ya mtu ndani yake. Penye mambo hayo matatu chama hakikosi la kusema.

Wafanyakazi wengi wanapopata likizo huja Kigali. Wapo wanaotoka katika mashamba ya chai ya Mulindi na Gisakura kuja kuwaona ndugu zao. Wapo wanaovuka mpaka kutoka Goma, Bukavu, Kampala, Ngara na Bukoba. Wengi wao hupenda kurudi nyumbani na picha nzuri iliyopigwa na fundi, siyo ile ya simu iliyopigwa mbiombio na mpita njia. Hilo ni jambo jema. Lakini wengi hulipa bila kujua hasa wanalipia nini. Wengine hutoa arubuni na picha wasizione. Wengine huzipata, kisha baada ya miezi huambiwa na jirani kuwa sura zao zimeonekana kwenye tangazo la mtu wasiyemjua. Makala haya yataeleza namna ya kujikinga na mambo hayo, hatua kwa hatua.

PICHA WANAYOTAKA WAO, NA PICHA UNAYOTAKA WEWE

Mfanyakazi hupigwa picha mara nyingi, lakini aghalabu ni kwa haja ya mtu mwingine. Kiwanda kinataka picha ya kitambulisho. Benki inataka picha ya fomu ya mkopo. Mgeni anayepita shambani anataka picha ya wachuma chai wenye vikapu mgongoni. Katika zote hizo, wewe hukuchagua nguo, hukuchagua mahali, wala hukuulizwa picha iende wapi.

Jambo hili lina historia. Huko Kenya, katika miaka ya 1920, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuwa na kipande, akakivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Kipande kilikuwa na alama za vidole vyake na habari za waajiri wake. Huko Afrika Kusini, mtu mweusi alitakiwa kutembea na kitabu cha pasi chenye picha yake, na asipokuwa nacho alikamatwa. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa kampuni ya Polaroid nchini Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua kuwa kamera za kampuni yao zilikuwa zikitumika kutengeneza picha za pasi hizo. Wakaunda kikundi cha wafanyakazi wenzao na kudai kampuni iache biashara hiyo. Hunter alifukuzwa kazi mwaka 1971, lakini harakati hazikufa, na mwaka 1977 Polaroid ilijiondoa Afrika Kusini. Kumbukeni kwamba jambo hilo lilianzishwa na watu wa kazini, si na wakubwa.

Hapa Rwanda nako, kitambulisho kilichoandikwa kabila, kilicholetwa na Wabelgiji katika miaka ya 1930, kilitumika mwaka 1994 vizuizini kuchagua nani auawe. Baada ya mauaji ya kimbari kabila liliondolewa katika vitambulisho. Ukienda kwenye Kumbukumbu ya Gisozi, iliyofunguliwa mwaka 2004, mahali walipozikwa watu zaidi ya 250,000, utakuta chumba kilichotundikwa picha za kawaida za jamaa: mtu siku ya harusi, mtoto na sare ya shule, vijana wamesimama mbele ya nyumba. Zilitolewa na ndugu waliobaki. Ziko familia ambazo hazikubakiwa na picha hata moja.

Nimeyasema hayo ili tuelewe kuwa picha ya mtu, aliyoitaka mwenyewe, amevaa alivyopenda na kusimama na awapendao, si anasa ya matajiri peke yao. Ni kumbukumbu ambayo watoto watairithi. Kwa hiyo inastahili kufanywa kwa mpango.

LIKIZO NI HAKI, USIIOMBE KAMA SADAKA

Kabla ya kumtafuta mpiga picha, hakikisha likizo yenyewe unayo na inalipwa. Kwa sheria ya kazi ya Rwanda ya mwaka 2018, mfanyakazi hupata likizo ya mwaka yenye malipo kwa hesabu ya siku moja na nusu ya kazi kwa kila mwezi, yaani siku 18 za kazi kwa mwaka. Tanzania, sheria ya mwaka 2004 inatoa siku 28 mfululizo. Kenya, sheria ya mwaka 2007 inatoa siku 21 za kazi. Uganda, sheria ya mwaka 2006 inatoa siku 7 kwa kila miezi minne. Ukiambiwa huna likizo, au likizo yako haina malipo, njoo chamani kwanza. Habari ya picha itangoja.

MPIGA PICHA NAYE NI MFANYAKAZI

Watu wengi huona mpiga picha anabonyeza kamera kwa saa moja, wakasema bei yake ni kubwa mno kwa saa moja. Hesabu hiyo si kamili. Baada ya ile saa moja hukaa saa nyingi nyingine akichagua picha, akisawazisha mwanga na rangi, na kuziandaa kwa kuchapwa. Kamera na lenzi ni vyombo vya kazi vyake, kama cherehani ilivyo kwa mshonaji, navyo ni vya gharama na huchakaa. Wengi wao hawana mwajiri, hawana bima wala likizo.

Basi sisi tunaodai ujira wa haki tusiwe wa kwanza kuukandamiza ujira wa mwenzetu. Kupatana bei si vibaya. Vibaya ni kumfanyisha mtu kazi kisha kumwambia "nitakutumia kesho", na kesho isifike. Vilevile, yeye ajue kuwa fedha yako ni ya jasho, na kwamba unataka kazi kamili kwa fedha kamili.

HATUA YA KWANZA: KUMCHAGUA

Usimchague mtu kwa sababu ana kamera kubwa. Tazama kazi zake. Wengi watakuonyesha picha kumi nzuri walizochagua katika miaka mitano. Wewe mwombe akuonyeshe picha za mteja mmoja tu, tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Hapo utajua kama ana ustadi, au alibahatisha mara moja. Pia utajua kama picha ni zake, maana mwizi wa picha za wenzake hawezi kuonyesha mkusanyo mzima.

Tazama hasa jinsi anavyopiga watu wenye ngozi nyeusi kama sisi. Kwa miaka mingi filamu za rangi zilisawazishwa kwa sura ya mwanamke mweupe. Mafundi wa maabara walilinganisha rangi kwa kadi zilizoitwa kadi za Shirley, kwa jina la mfanyakazi wa Kodak aliyepigwa picha ya kwanza. Ndiyo maana katika picha nyingi za zamani sura za watu weusi ni giza tupu, meno na macho tu ndiyo yanaonekana. Kamera za siku hizi ni bora zaidi, lakini bado hupima mwanga kwa wastani. Ukisimama mbele ya ukuta mweupe, kamera huona mwanga ni mwingi, huupunguza, na sura yako hufifia. Fundi mzuri hupima mwanga usoni pako, si ukutani. Ukiona katika kazi zake sura za watu weusi zina uhai na rangi yake ya kweli, huyo anaijua kazi. Ukiona amezipausha zikawa kama zimepakwa unga, mpite.

Waulize watu waliokwisha kupigwa naye. Hapa Kigali Kiswahili kinaweza kukusaidia: ni mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda tangu mwaka 2017, na Nyamirambo watu wamekizungumza tangu enzi za babu zao. Uliza kwa mwenye nyumba ya wageni, kwa fundi cherehani, kwa waliofunga harusi karibuni.

HATUA YA PILI: KUPATANA KWA MAANDISHI

Anza mazungumzo angalau wiki moja kabla ya kusafiri. Usingoje ufike ndipo utafute, kwani mwisho wa wiki wapiga picha wengi huwa kwenye harusi. Uliza maswali haya, na majibu yaandikwe hata kwa ujumbe wa simu:

1. Bei yote ni kiasi gani, na ndani yake kuna nini? Je, usafiri wake na kiingilio cha mahali vimo?

2. Muda ni dakika ngapi, na unahesabiwa tangu lini? Tangu tulipokutana, au tangu kamera ilipoanza kazi?

3. Nitapata picha ngapi zilizokwisha kurekebishwa? Neno "picha nyingi" si jibu. Taka tarakimu.

4. Nitazipata tarehe gani, na kwa njia gani?

5. Arubuni ni kiasi gani, na mvua ikinyesha inakuwaje? Nikiahirisha mimi? Ukiahirisha wewe?

6. Je, utazitumia picha zangu kwenye matangazo yako? Hili tutalirudia, maana ndilo zito kuliko yote.

Arubuni isizidi nusu ya bei. Ukilipa kwa simu, kabla ya kuthibitisha tazama jina linalojitokeza. Kama jina si la mtu unayepatana naye, simama uulize. Studio iliyosajiliwa iombe risiti ya mashine ya EBM. Mashine hizo zilianza kutumika Rwanda mwaka 2013, na risiti ni ushahidi wako siku ya ugomvi.

HATUA YA TATU: HESABU YA MFUKO

Bei hutofautiana, hivyo nitatoa mfano wa kujifunzia hesabu tu. Tuseme mpiga picha anataka faranga 45,000 kwa saa moja, na ujira wako wa siku ni faranga 3,000. Gawa 45,000 kwa 3,000, utapata 15. Maana yake saa hiyo moja ni siku 15 za kazi yako. Jiulize kama unaweza bila kugusa ada ya shule na chakula cha nyumbani. Kukopa kwa ajili ya picha si busara.

Lakini iko njia. Mkiwa wafanyakazi wanne mmekuja likizo pamoja, kubalianeni na mpiga picha kwamba saa ni moja, mahali ni pamoja, na kila mtu atapata dakika 15 na picha zake kadhaa. Mgao wa kila mmoja ni faranga 11,250, yaani siku zisizofika nne za kazi. Mpiga picha hakupunguziwa hata faranga moja, nanyi mmepata nafuu. Ila mwambieni tangu mwanzo kuwa mko wanne, msimshtukize. Idadi ya picha za kurekebisha ikiongezeka, kazi yake nayo imeongezeka.

HATUA YA NNE: SAA NA SIKU

Hapa wageni wengi hupotea. Saa za Rwanda ziko nyuma kwa saa moja ukilinganisha na Tanzania, Kenya na Uganda. Ikiwa Kampala na Dar es Salaam ni saa 4 asubuhi, Kigali ni saa 3 asubuhi. Ndugu wa Goma na Bukavu hawana shida, saa zao na za Kigali ni moja. Tena anayehesabu kizungu akikuandikia "saa 8", huenda maana yake ni saa 2 yetu ya asubuhi. Kwa hiyo andika wazi: "saa 2 asubuhi, saa za Kigali".

Saa bora za picha za nje ni mbili: ile ya kwanza baada ya jua kuchomoza na ile ya mwisho kabla ya kuchwa. Kigali iko karibu na Ikweta, hivyo jua huchomoza na kuchwa karibu na saa 12 mwaka mzima. Basi lenga kati ya saa 12 na saa 1 asubuhi, au kati ya saa 11 na saa 12 jioni. Wakati huo jua liko chini, mwanga ni laini na hugusa uso wote. Adhuhuri jua liko utosini, macho huzama katika vivuli, na mtu wa miaka thelathini huonekana wa hamsini. Mkilazimika kupiga adhuhuri, ingieni kivulini, chini ya mti au barazani.

Mvua kubwa ni kuanzia Machi hadi Mei, na za vuli huanza Septemba hadi Desemba. Siku hizo panga asubuhi na uwe na siku ya akiba.

Angalia na kalenda ya nchi. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya wananchi, kuanzia saa 2 hadi saa 5 asubuhi. Maduka hufungwa na magari huwa haba. Usipange miadi wakati huo. Jumapili mbili kwa mwezi barabara kadhaa hufungwa asubuhi ili watu wafanye mazoezi bila magari, nayo ni heri ukiuliza mapema. Na kuanzia tarehe 7 Aprili nchi huingia katika wiki ya maombolezo ya mauaji ya kimbari. Wiki hiyo si ya kupiga picha za shangwe. Heshimu wafiwa kama ungependa wakuheshimu msibani pako.

HATUA YA TANO: MAHALI

Kwa kazi ya saa moja chagua mahali pamoja, au pawili palipo jirani. Anayetaka kuzunguka mji mzima atalipa saa ya picha akaimaliza barabarani.

Biryogo, kule Nyamirambo, iko mitaa isiyopitiwa na magari, iliyopakwa rangi, watu wamekaa nje wakinywa chai. Hapo picha hupata uhai. Katikati ya mji pana Imbuga City Walk, njia pana ya waenda kwa miguu. Jengo la Kigali Convention Centre, lililofunguliwa mwaka 2016, lina kuba iliyobuniwa kwa kufuata umbo la nyumba ya mfalme, nalo huwashwa taa za rangi usiku. Lipigie kutoka mbali, ukiwa mahali panaporuhusiwa. Bustani ya Nyandungu, iliyofunguliwa mwaka 2022, ina miti na maji. Ina kiingilio, na ni vizuri kuuliza mapema kama kamera ya kazi inalipiwa zaidi. Anayependa kuuona mji wote nyuma yake apande Rebero au Mlima Kigali.

Sasa mahali pa kujihadhari. Usipige picha askari, vituo vya polisi, kambi, uwanja wa ndege wala ofisi za serikali bila ruhusa. Gisozi ni mahali pa kuinamisha kichwa, si pa kujipamba mbele ya kamera, na ndani ya maonyesho hupigi picha bila ruhusa. Sokoni Kimironko, omba ruhusa kwa wauzaji. Mama aliyekaa nyuma ya nyanya zake yuko kazini, kama wewe unavyokuwa kazini mgeni anapoingia shambani na kamera yake. Lile usilopenda kufanyiwa, usimfanyie.

HATUA YA SITA: SIKU YENYEWE

Vaa nguo unayoijua, isiyokubana, na iliyokwisha kupigwa pasi. Rangi moja yenye nguvu, au kitenge kizuri, hukaa vyema kwenye picha. Shati jeupe kabisa hulipa jua nguvu kuliko uso. Kama unataka mshono mpya, mafundi wa Kimironko wapo, lakini wape siku kadhaa, usiwakimbize. Mama au dada anayetaka mushanana, vazi la heshima la Wanyarwanda, anaweza kukodi.

Vua kitambulisho cha kiwanda. Picha hii si ya mwajiri.

Ukienda kwa pikipiki utavaa helmeti, kwa kuwa ndiyo sheria. Basi beba kitana na kitambaa, au kwa aliyesuka nywele za kazi, panda basi mapema. Fika dakika 15 kabla. Unapopigwa usijikaze kama uko kwenye gwaride. Mpe mwenzako mkono, mwinue mtoto, zungumza. Mpiga picha akikuagiza mkao usioupenda, mwambie hapana. Ni wewe unayelipa. Akitaka kukushika ili akuweke sawa, aombe kwanza. Kina dada, hili lishikeni sana, na ikiwezekana mwende na mwenzenu.

Kabla ya kuachana, mwombe akuonyeshe baadhi ya picha kwenye kioo cha kamera. Kama macho yamefumba au sura ni giza, dakika za kurudia ni hapo hapo.

PICHA NI YA NANI?

Sasa tufike kwenye shina. Mama mmoja mchuma chai aliwahi kuniletea kalenda ya ukutani. Mwezi wa Juni alikuwa yeye, kikapu mgongoni, anacheka. Mtu alikuja shambani, akampiga picha, akamshukuru, akaenda. Hakumwuliza jina. Kalenda ile iliuzwa, na mama yule aliinunua kwa fedha yake ili aione sura yake. Sitaitaja kampuni. Nataja jambo lenyewe, kwa sababu linatupata wengi.

Yako mambo mawili tusiyoyachanganye. La kwanza ni haki ya kazi ya picha. Sheria za nchi nyingi humhesabu aliyepiga picha kuwa mwenye haki hiyo, isipokuwa mapatano au sheria yenyewe ikisema vingine. Kumbe kulipa pekee kunaweza kusitoshe. Andikeni katika mapatano kwamba unaweza kuchapa, kugawia ndugu na kuhifadhi picha zako bila kulipa tena.

La pili ni haki ya sura yako. Picha inayomtambulisha mtu ni habari binafsi za mtu huyo. Rwanda ina sheria ya kulinda habari binafsi ya mwaka 2021, na ofisi inayoisimamia iko chini ya mamlaka ya usalama wa mitandao, NCSA. Kenya na Uganda zina sheria zao za mwaka 2019, na Tanzania ya mwaka 2022. Mpiga picha akitaka kuitumia sura yako katika matangazo, na akuombe. Unaweza kukataa, na ukataavyo bei isipande. Unaweza pia kukubali kwa masharti: atumie picha ipi, wapi, kwa muda gani, na kwa punguzo gani la bei. Mambo ya watoto yawe magumu zaidi.

Mapatano yenyewe hayahitaji wakili. Yatosha kuandika hivi:

"Leo tarehe fulani tumekubaliana: mpiga picha atampiga mteja picha kwa dakika 60, mahali fulani, siku fulani, saa fulani za Kigali. Bei yote ni faranga kadha. Arubuni ni faranga kadha, imepokewa. Mteja atapata picha 15 zilizorekebishwa, za ukubwa kamili, kabla ya tarehe fulani, ndipo atamaliza malipo. Mvua ikinyesha tutahamisha siku, arubuni haipotei. Mteja anaweza kuchapa na kugawa picha zake. Mpiga picha hatazitumia kwa tangazo wala kumpa mtu mwingine bila idhini ya maandishi ya mteja." Kisha majina, sahihi mbili, na kila mmoja nakala yake.

KUZIPOKEA NA KUZITUNZA

Picha zikitumwa kwa WhatsApp kama picha za kawaida hupunguzwa ukubwa, nazo zikichapwa kubwa huwa na ukungu. Mwambie azitume kama faili, au azitie katika kifaa cha kuhifadhia. Picha ya sentimeta 10 kwa 15 hutaka nukta zipatazo 1,200 kwa 1,800 ili itoke safi, na ya ukutani hutaka zaidi.

Zihesabu siku ileile. Kama mliandika 15 na zimekuja 11, sema mara moja, kwa heshima, ukimkumbusha maandishi. Akikataa, hapo ndipo utaona thamani ya ule ujumbe na ile risiti. Njoo navyo chamani tukusaidie kuandika barua.

Mwisho wa yote, chapa. Simu huibwa, simu huingia maji. Chapa angalau mbili: moja ibaki kwako, ya pili impelekee mzazi au ndugu aliye mbali. Nyuma yake andika kwa kalamu majina, mahali na mwaka. Picha isiyo na jina, baada ya miaka arobaini ni ya mtu asiyejulikana.

Ndugu zangu, hatua hizi ndizo zilezile tunazozifundisha kazini: jua kazi ni ipi, jua malipo ni kiasi gani, andika, weka nakala, na usikae kimya ukidhulumiwa. Anayezoea kuandika mapatano ya saa moja na mpiga picha hatatia sahihi mkataba wa mwaka mzima bila kuusoma. Viongozi wa matawi watakaopenda wanakili maneno ya mapatano yaliyo hapo juu, wayabandike ubaoni kabla ya msimu wa likizo.

Nawatakia likizo njema, na kazi njema mrudipo.

Umoja ni nguvu.